Nguruwe wa Perusi

Nafula aliponipigia simu kuniambia mama yake amefariki, kitu cha kwanza nilichomuuliza ni namba yangu ameipata kwa nani. Hata pole sikumpa. Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu Mumias, mwiko mkononi, nikahisi hasira inanipanda kana kwamba mama yake, Perusi, amekufa makusudi ili anitoe nyumbani. Nafula akasema, "Mama alituachia neno. Alisema kama Zaituni yuko hai aitwe. Akikataa tusimseme vibaya, lakini aitwe." Nikamwambia nitafikiri. Sikufikiri chochote. Nilikata simu, nikaunguza mchuzi, nikamgombeza mjukuu wangu kwa kosa ambalo hakulifanya. Zaidi ya miaka arobaini nilikuwa nimeukwepa upande wa Uganda, ng'ambo ya mpaka. Watu wetu walioa huko na kuzikana huko, nami nilituma mchango na salamu, nikabaki nyumbani nikisingizia magoti. Kesho yake asubuhi nilijitanda mtandio wangu mweusi nikaenda Busia.

Watu wa rika langu wakianza kusimulia maisha yao huanza na babu zao. Mimi sitaanzia huko. Inatosha kusema nilitoka katika nyumba ya Waislamu wa Busia mjini, watu wa malori na duka. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa, mke wa Hamisi, dereva, na nina mimba changa ambayo nilikuwa sijaitangaza. Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa wanajeshi Uganda, ingawa sisi tuliokuwa ndani yake hatukujua kwamba ni ya mwisho. Sabuni ilikuwa adimu, chumvi ilifichwa, na chai tulikunywa bila sukari mpaka ulimi ukazoea. Kitu cha maana kilikuwa kahawa, na kahawa ilikuwa na maana ikivuka kwenda Kenya. Wanajeshi walilikamata lori la Hamisi na magunia yake yote, wakarudi siku ya pili kumchukua mwenyewe, wakakuta ameshavuka. Basi wakaanza kuniuliza mimi. Walipokuja mara ya tatu, baba mkwe wangu alinipakia kwenye baiskeli, akanipeleka shambani kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akimuuzia Hamisi kahawa, nje ya mji, njia ya kwenda Tororo. Akaniapia kwamba ni wiki mbili tu. Nilikaa miezi saba.

Mwanamke huyo ndiye Perusi. Alikuwa Msamia, mjane, mtu wa kanisa, mrefu, na mwenye sauti ya kuitia watu waliopo shamba la tatu. Aliishi na mwanawe Ojambo, kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, na Nafula, kitinda mimba, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kung'oka meno ya mbele. Perusi hakunipenda na mimi sikumpenda, na hatukupoteza muda kufichana. Siku ile ile niliyofika, baba mkwe wangu hata hajamaliza kuifunga pampu kwenye baiskeli, alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani akasema, "Wahindi kufukuzwa, nyinyi watu ya mjini nachukua duka zao. Mlikuwa nacheka. Leo jeshi nawageukia, nakimbilia kwa Perusi." Nikamjibu kwamba sikuja kwa kupenda. "Hata mimi sikukuita kwa kupenda," akasema, akanionyesha chumba.

Kilikuwa chumba cha magunia. Dirisha lake lilikuwa tundu la ukubwa wa sahani, na ukutani kulikuwa na kalenda ya kanisa ya miaka mitatu nyuma, ambayo Perusi hakuitoa kwa sababu picha ilikuwa bado nzuri. Nilitandika mkeka juu ya magunia matupu ya kahawa ambayo Hamisi aliyaacha pale. Nyuma ya ukuta huo wa udongo alilala nguruwe jike, mweusi mwenye mabaka meupe, na kila nilipogeuka nilimsikia naye anageuka. Mimi, binti wa nyumba ambayo neno nguruwe lilikuwa halitajwi wakati wa kula, nililala miezi saba nikipumua pamoja naye. Perusi alimwita Kapteni, kwa sababu alitembea mbele ya kila mtu na kula kabla ya kila mtu. Wanajeshi walipokuja kunywa pombe aliyoiuza Perusi, Kapteni hakuwa na jina.

Chakula ndicho kilichotugombanisha kila siku. Perusi alipika ugali wa mihogo na ulezi, mgumu, wa kukata kwa kamba, na mukene, dagaa wa huko, wa kukaanga, au kunde. Mimi nilikuja na sufuria yangu ndogo, nikaifunga uzi mwekundu kwenye mkono wake isichanganyike, nikapika peke yangu kwenye mafiga matatu kando ya jiko lake. Kwake ule uzi ulikuwa tusi, na kusema kweli niliufunga nikijua atauona hivyo. Nilipompita Kapteni nilitema mate na kukusanya nguo zangu. Nilifanya hivyo hata pale ambapo hakukuwa na haja, mradi Perusi awe anatazama. Yeye naye aliomba kabla ya kula kwa sauti kubwa kuliko kawaida, akaniombea mimi kwa jina, kwamba Bwana anilainishe moyo. Nafula alitutazama kwa zamu huku akila. Ojambo peke yake ndiye aliyekula pande zote mbili. Alimaliza kwa mama yake, akaja kukaa karibu na mafiga yangu, akasema, "Shemeji, onjesha," kwa kuwa Hamisi alikuwa rafiki yake.

Ningeweza kuvuka mapema kama isingekuwa mabomu. Shamba la Perusi liliteremka mpaka kwenye kijito, na ng'ambo ya kijito ni Kenya. Watu walipitisha kahawa hapo mchana kweupe, saa saba, wanajeshi wakiwa wameshiba na kusinzia. Wiki ile niliyofika wanajeshi walichoka kupiga doria, wakaja na majembe, wakafukia mabomu kwenye ukanda wote wa nyasi kati ya shamba na maji. Ng'ombe wa jirani ndiye aliyetutangazia. Njia kuu ya mpakani nisingeweza kupita, jina langu walikuwa nalo. Kwa hiyo Hamisi alikuwa ng'ambo, mimi huku, tumbo linakua, na kati yetu kulikuwa na nyasi ambazo mtoto angeweza kuzivuka kwa kuhesabu mpaka mia tatu. Hamu yangu yote mwaka ule ilikuwa moja, nijifungulie upande wa pili, mbali na watu wanaouliza maswali na bunduki mezani.

Ojambo aliwahi kufanya kazi ya kupasua mawe ya chokaa kwa baruti kwenye machimbo karibu na Tororo, na baruti haikumtisha kama ilivyotutisha sisi. Mvua kubwa iliponyesha, ilifukua bomu moja ukingoni mwa shamba, limefungwa kipande cha gunia. Alilala kifudifudi karibu nalo nusu siku. Aliporudi alikuwa na makombo ya baruti kwenye kopo la maziwa ya unga na tabasamu usoni. "Mimi nimefikiri," alituambia tukiwa tumeketi, kila mtu kwenye mafiga yake. "Huyu Kapteni nasikia harufu ya muhogo chini ya mkono mbili ya udongo. Kwa nini asisikie hii?" Perusi alicheka mpaka akajipangusa machozi. Mimi nilimwambia kwamba hata akipata njia ya kwenda peponi, mimi siendi nyuma ya nguruwe. Lakini alipouliza makombo yale ayafungie nini yasilowe, mimi ndiye niliyeingia chumbani, nikakata kona ya gunia nililokuwa nikilalia, nikampa. Nilifanya kwa wema. Ulikuwa wema wangu wa kwanza katika nyumba ile, na nimeufikiria kuliko dhambi zangu zote.

Alifanya vifundo vidogo vya gunia, ndani punje ya baruti, akavifukia uani. Alimfunga Kapteni kamba mguu wa nyuma, kama wanavyofungwa nguruwe wote wa huko, akamtembeza. Kapteni alipofikia kifundo na kutaka kuchimba, Ojambo alimvuta kidogo mguu, na akiketi kitako bila kuchimba alipewa konzi la machicha ya pombe, yale makapi ya ulezi yanayobaki mtungini. Kwa machicha Kapteni angejifunza hata kusoma. Baada ya miezi mitatu hakuhitaji kuvutwa tena. Alitembea pua chini, akafika, akaketi, akageuza kichwa kudai haki yake. Kisha Ojambo akamteremsha kwenye ukanda wa nyasi, na siku ya kwanza Kapteni aliketi mara nne, na mara zote nne Ojambo alipochokora kwa kijiti alikuta bomu. Akachomeka vijiti, na njia ikapatikana. Wanajeshi walihamisha na kufukia mengine, Kapteni akayapata. Watu walianza kuja kwa Perusi kutoka mbali, mpaka Nabuyoga, wakisingizia wanakuja kununua pombe. Juzi juzi nilisikia redioni mtaalamu akieleza jinsi panya na mbwa wanavyofundishwa kunusa mabomu katika nchi nyingine, na akasema mnyama hunusa kile alicholipwa kunusa, mengine ni yetu wenyewe. Nilizima redio. Mimi nilijua hilo kabla yake.

Nililijua siku ya Jumapili, Perusi na wanawe wakiwa kanisani. Mwezi wangu wa saba pale ulikuwa umeingia, na Hamisi alikuwa ametuma neno kwamba Jumanne ya wiki iliyofuata, saa saba mchana, atakuwa ng'ambo ya kijito kunipokea. Nilikuwa nimeanika nguo za mtoto mlangoni, zimetandazwa juu ya gunia safi lililotoka chini kabisa ya yale niliyolalia. Kapteni alikuwa amefungwa kwa kamba ndefu. Alinyanyuka, akaja mpaka kwenye nguo za mwanangu, nami nikaokota fimbo. Hakuzigusa. Aliketi kitako mbele ya gunia, akanigeuzia kichwa. Nilimchapa, hakuondoka. Alikuwa anangoja machicha. Nikasimama pale na fimbo juu, nikaelewa. Gunia lile halikuwahi kukaribia baruti. Mimi nilikuwa nimelala na harufu ya kahawa kwa miezi saba, na kabla ya hapo nililala na dereva wa kahawa, ndiyo maana pua yangu haikuisikia tena.

Nilitaka kuwa na hakika. Nilikata kipande cha gunia hilo hilo, nikakifukia kitupu, bila baruti, chini ya mpapai. Nilizungusha kitambaa mkononi, nikaishika kamba ya nguruwe kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikamtembeza. Aliketi. Kisha nikaenda chini ya ghala, nikatoa punje ya baruti kwenye kopo, nikaifunga jani bichi la mgomba, nikaifukia karibu na uzio. Kapteni alipita juu yake, akaenda kukuna ubavu kwenye nguzo. Nilirudia mara tatu. Hakuwa amenusa bomu hata siku moja. Wanajeshi, sawasawa na Ojambo, walikuwa wakifunga kila bomu kwa kipande cha gunia lisishike maji, na mwaka ule Busia nzima haikuwa na gunia lisilowahi kubeba kahawa. Mengine bila shaka waliyatoa kwenye lori la mume wangu.

Waliporudi kutoka kanisani wakiimba, niliwapokea vizuri kuliko siku zote, hata Perusi akanitazama kwa mashaka. Sikusema. Nimejitafutia sababu nyingi tangu siku ile. Nilijiambia kwamba madhali mabomu yamefungwa magunia, kosa halina madhara. Nilijiambia kwamba nikisema, Ojambo ataanza upya kumfundisha, miezi mingine mitatu, na mimi nitazalia kwenye magunia. Hizo zote ni kweli. Lakini ipo nyingine, na sasa ni mzee wa kutosha kuisema. Nilifurahi kujua kitu ambacho Perusi hakijui. Kila aliposimama kumsifu Kapteni wake mbele ya wageni, nilicheka rohoni, na kicheko kile kilinishibisha.

Ijumaa walikuja wanajeshi wawili kunywa. Nilikuwa chumbani, mlango umefungwa, nikiwatazama kwa ufa. Mmoja alikuwa mtoto wa kijiji cha Kiyeyi, Perusi alimjua hata mama yake, na ndiyo maana alikunywa pale bila kuvunja kitu. Waliketi kuzunguka mtungi, mirija mdomoni, na Perusi akawa anaongeza maji ya moto. "Ile ya zamani taabu," alisema yule wa Kiyeyi. "Tunafunga na gunia, maji naingia, nakufa bure kwa udongo. Sasa naletwa mpya. Imefungwa na nailoni huko huko natoka, hakuna gunia, hakuna nini. Juzi tumepanda yote kule chini." Mwenzake akamwambia apunguze mdomo. Akacheka. "Huyu mama yangu. Mama, wewe nataka bomu ya nini?" Perusi naye akacheka, "Mimi nataka sabuni tu, mwanangu." Alisikia kila neno nililosikia mimi. Lakini kwake gunia na nailoni vilikuwa vifungashio tu. Katika nyumba ile, aliyejua maana ya maneno yale alikuwa mmoja, na alikuwa amekaa kwenye mkeka akiweka mkono juu ya tumbo.

Jumamosi sikusema. Jumapili sikusema. Nilijiambia nitamwambia Ojambo faragha, na kila nilipompata peke yake niliiona Jumanne ikiondoka. Jumatatu mchana nilitoka kuchota maji, na niliporudi nikaikuta sufuria yangu yenye uzi mwekundu iko motoni kwa Perusi, ndani machicha yanachemka na maganda ya mihogo, chakula cha Kapteni cha safari ya kesho. Perusi alisema sufuria yake imetoboka. Akasema pia, bila kunitazama, kwamba sufuria ni sufuria. Nilipiga kelele ambazo sijawahi kupiga tena. Nilimwita mchafu, nikamwita mlevi, nikamwambia nguruwe wake ni mjinga kama yeye. "Hanusi bomu!" nilimwambia. "Ananusa kahawa! Siku zote ananusa kahawa ya mume wangu, na nyinyi mnampigia makofi! Hayo mapya hayana gunia, atapita juu yake kama anavyopita juu ya kinyesi!" Perusi aliweka mwiko chini taratibu. "Wewe," akasema, "tangu unaingia hapa unatemea nguruwe yangu mate. Leo anakupeleka kwa bwana yako, bado unamtukana. Mimi nimechoka na wewe. Kesho uende." Nilikuwa nimemwambia ukweli mtupu, na nilikuwa nimeusema kwa namna ambayo mtu mwenye heshima zake asingeweza kuupokea.

Ojambo aliporudi jioni, mama yake alimsimulia kama kichekesho. "Shemeji yako nasema Kapteni ni mnywaji wa kahawa." Ojambo alicheka, kisha akaacha kucheka, akaja mpaka kwenye mafiga yangu ambayo siku hiyo hayakuwa na moto. Alichuchumaa. "Ni kweli, shemeji?" aliniuliza kwa sauti ndogo. Aliuliza kwa dhati, alikuwa tayari kusikia. Ingenichukua maneno kumi. Ningemwonyesha mpapai, ningemwonyesha uzio, angeona kwa macho yake. Lakini nilikuwa nimenuna. Sufuria yangu ilikuwa imeharibiwa, nilikuwa nimefukuzwa, na nilitaka mtu wa nyumba ile anibembeleze. "Muulize mama yako," nikamwambia, nikaingia chumbani.

Jumanne saa saba tuliteremka. Jua lilikuwa kali na upande wa Tororo mwamba ulionekana wazi. Perusi hakutoka kuniaga. Mbele alikwenda Kapteni, nyuma yake Ojambo bila viatu, kamba mkononi, na kifuko cha machicha kiunoni. Mimi nilisimama kwenye mstari wa mwisho wa mihogo na furushi langu. Ojambo alikuwa amenielekeza ningoje mpaka afike kijitoni aniite. Ng'ambo nilimwona Hamisi, shati lake jeupe, akipunga mkono. Nitasema pia nilichokuwa nikifanya pale. Nilikuwa nazihesabu nyayo za Ojambo kwenye nyasi ili nikanyage pale alipokanyaga. Nilijua nguruwe hana faida tena, na nilimwacha mtu atangulie ili nipate nyayo zake. Kapteni hakuketi hata mara moja. Ojambo aligeuka akanionyesha kidole gumba, kwamba leo njia ni safi. Walibakisha hatua kama ishirini kufika majini. Kapteni alipita. Ojambo hakupita.

Masikio yangu yaliziba, nikaona udongo unashuka bila kusikia kitu. Kapteni alinipita mbio akirudi nyumbani, kamba inaburuta nyuma yake. Hamisi alikuwa akifungua mdomo ng'ambo, na nilijua anasema njoo. Nikaenda. Nilikanyaga unyayo mmoja baada ya mwingine mpaka nyayo zilipokoma, nikazunguka ukingo wa shimo. Ojambo alikuwa amelala upande wa kushoto. Sikugeuza kichwa. Sijui kama alikuwa akipumua, kwa sababu sikutaka kujua. Hatua ishirini zilizobaki nilizikimbia bila nyayo za mtu, na Mungu, ambaye sikumwelewa siku hiyo wala sijamwelewa hadi leo, akaniacha nifike. Nilipokuwa ndani ya maji, masikio yalizibuka, nikamsikia Perusi. Binti yangu alizaliwa Mumias wiki tano baadaye. Nilimwambia Hamisi kwamba nguruwe alikosea. Alikufa akiamini hivyo, Mungu amrehemu.

Msiba wa Perusi ulikuwa na watu wengi. Nyumba sasa ni ya matofali, na ukanda wa nyasi umelimwa mahindi mpaka kijitoni. Nilitaka kukaa na waombolezaji wa nje, nizike, niondoke. Nafula, ambaye sasa ni mwanamke wa makamo mwenye urefu wa mama yake na sauti ya mama yake, alinishika mkono, akanipitisha sebuleni ambako jeneza lilikuwa limefunguliwa na wanawake wameketi sakafuni kulizunguka. Akanisimamisha katikati yao. "Huyu ndiye Zaituni," akawaambia. "Yule ambaye mama alikuwa anamtaja kila mwaka siku ya kumkumbuka kaka. Huyu alimwambia mama, huyo nguruwe hajui bomu, na mama akakataa kwa sababu ya hasira. Mama alisema, mimi ndiye nilimuua Ojambo, Zaituni alisema na mimi nikaziba masikio." Wanawake waliguna kwa huruma. Mmoja alinishika vidole akanishukuru. Nafula akaendelea, na sasa alikuwa akisema na mimi peke yangu. "Kaka hakufa pale pale. Aliishi mpaka jioni, kwenye mapaja ya mama. Aliuliza kama shemeji amevuka. Mama akamwambia amevuka."

Nilikuwa nimekuja na hasira yangu ya miaka yote, ile iliyoniweka mbali na nyumba hii. Siku zote nilidhani Perusi alikuwa akinilaani kila asubuhi, na laana yake nilikuwa nimeizoea, hata ilinisaidia. Kumbe alikuwa akinitetea. Ningeweza kukubali shukrani, nikala, nikaondoka. Nikasikia nasema, "Nilijua siku tisa kabla." Nafula akauliza, "Nini?" Nikamwambia nilijua tangu Jumapili ya wiki iliyotangulia, nilijaribu mwenyewe uani wakiwa kanisani, na Ijumaa nikasikia kuhusu mabomu mapya, na nikanyamaza ili nivuke. Nikamwambia kaka yake aliniuliza kwa mdomo wake na sikumjibu. Nikamwambia nilizihesabu nyayo zake, na nikampita bila kumtazama. Yule mwanamke aliyenishika vidole aliviachia.

Nilitamani Nafula anipige. "Siku tisa," akasema. "Na mama amejilaumu mpaka amekufa." Nikasema ndiyo. Nje watu wa kwaya walikuwa wamemaliza wimbo, na mtu alichungulia mlangoni kuuliza kama jeneza lifungwe. Nafula alimwinulia mkono asubiri. "Mimi usiniambie," akaniambia. "Mwambie mwenyewe, bado yuko hapa. Na sema kwa sauti, hakuwa anasikia vizuri." Wanawake walisogea wakanipisha. Nilipiga magoti kando ya Perusi, mbele ya watu wake wote, nikaanza na ile Jumapili.